Negativu Ulizokataa Kuuza

Shangazi yangu mpendwa,

Leo nimepita Majengo, mbele ya iliyokuwa studio yako ya picha. Ina kioo kipya na picha za rangi za maharusi dirishani. Nimejikuta nakushukuru kwa sauti, mpaka muuza ndizi akanigeukia.

Unakumbuka siku yule kijana kutoka Arusha alipokuja kuinunua? Mashine za picha za rangi ndiyo kwanza zinaingia mjini, na miguu yako ilikuwa imechoka kusimama. Ulitaka kurudi Kilema ujenge nyumba. Mlishakubaliana kamera, taa, pazia, hata kiti cha maharusi. Kisha akagonga kabati la negativu, zile filamu ulizosafishia picha za wateja.

"Na hizi, mama."

"Hizo haziuzwi."

"Mama, mimi sinunui kuta. Mteja akitaka nakala, lazima aje kwangu. Hiyo ndiyo biashara."

"Humo kuna wanawake waliovua mtandio kwa sababu mpigapicha ni mimi. Hawakuvua kwa ajili yako."

"Basi bei inashuka."

"Ishuke."

Nilikuwa kidato cha nne, nimeketi kwenye benchi la wateja. Niliiona nyumba ya Kilema ikipungua chumba baada ya chumba.

Ukawaita wenye picha zao waje wazichukue negativu. Asubuhi ya kwanza tu ugumu ukaonekana: kila mmoja akijitafutia yake, angeziona za wenzake. Ukalitoa benchi, ukawaketisha nje, ukawa unamwita mmoja mmoja nyuma ya pazia, ukiinua negativu dirishani wewe mwenyewe mpaka uipate yake.

"Mchagga anagawa mali bure!" Mama Rehema, jirani yako fundi cherehani, alipiga kelele. "Leo mlima utahama!"

"Nyamaza, yako naianika kwenye kamba!" ukajibu kutoka ndani, na benchi zima likaangua kicheko.

Baadaye wengine walimpelekea kijana yule negativu zao wenyewe, awasafishie nakala. Nilidhani utaumia. "Sasa wamempa wao wenyewe, si mimi," ulisema, ukaendelea kumenya ndizi.

Siku hizi natunza majalada ya wagonjwa hospitalini. Mtu akiniomba nimtazamie habari za jirani yake, nakataa bila kupandisha sauti, kama wewe. Hilo sikulipata darasani, Shangazi. Nililipata kwenye benchi lile, na nakushukuru.

Lakini kubwa zaidi ni la siku ile ya mwisho. Benchi lilipobaki tupu, uliniita nyuma ya pazia kwa jina langu lote, kama mteja. Ukainua negativu moja dirishani: mama yangu kitandani, amekonda, kichwa wazi, mimi mchanga kifuani pake.

"Wifi yangu hakutaka mtu amwone hivi," ulisema. "Kabla hajafa aliomba uione wewe tu, ukishakua."

Miaka yote nilifagia studio ile, nikipangusa vumbi la kabati lile kila Jumamosi, wala hukuwahi kunidokeza.

Nyumba ya Kilema ilitoka na vyumba viwili, nasi tukalala kimoja, tukisukumana blanketi. Hukunilalamikia hata siku moja. Nami sikukuambia nilichokuwa nikiwaza gizani: kwamba kama ungeliuza kabati, ungemuuza na mama yangu, na nisingejua kamwe kwamba aliwahi kunikumbatia.

Lala salama kaburini, Shangazi. Asante.

Ni mimi,
Mtoto wa kaka yako