Vigae Viwili vya Paa Letu

Petrovouni,
Lakonia, Ugiriki.
22 Septemba 2003

Mpendwa Shangazi Stamata,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani, na goti lako je? Baba alinieleza kwamba daktari amekukataza kupanda ngazi, nikacheka peke yangu, maana nakujua: umeshapanda. Tafadhali mtii walau mwezi mmoja. Na mzee wako Mihalis, bado anagombana na majirani kwa ajili ya nyanya zake?

Sisi huku hatujambo. Mama anasumbuliwa na presha, ila ulimi wake mzima kabisa. Mizeituni imebeba vizuri mwaka huu. Sweta uliyonitumia imefika. Ni kubwa kiasi kwamba mimi na Baba tunaweza kuivaa pamoja, na kwa baridi ya hapa mlimani huenda tukafanya hivyo.

Siku ya Pasaka uliniuliza kwenye simu ni kazi gani hii, mtu mwenye digrii mbili kufukua uwanja wa kanisa kwa mswaki. Nilinuna kidogo. Sasa jibu ninalo, Shangazi. Kaa kitako, na mwambie Mihalis akae karibu nawe.

Unajua kwamba tunachimba kwa Mtakatifu Marina, kale kanisa kadogo kalikoko juu ya kisima. Waliotutangulia katika fani hii ya akiolojia walikuwa na haraka. Waliotafuta mahekalu ya kale waliwapita Wabizanti, wale Wagiriki Wakristo wa zama za kati, kwa sururu kana kwamba ni takataka. Na waliowapenda Wabizanti walitaka picha za watakatifu na dhahabu tu. Vyungu, majiko na makaburi ya maskini vilirushwa kando kwa koleo. Sisi tumefundishwa kushuka tabaka kwa tabaka, kuanzia la juu kabisa, hata kama la juu lina vizibo vya soda. Kila tabaka lina watu wake. Mimi sina subira na binadamu, wewe mwenyewe umeshasema, lakini kwa udongo ninayo.

Basi mwezi wa saba, nje, nyuma ya madhabahu, tulikuta kaburi dogo sana. Lilifunikwa kwa vigae viwili vilivyoegemeana kama paa la banda la kuku. Mkuu wetu, Bwana Aristos, mtu mwema na mlafi wa keki za baklava, alifurahi mno. Vigae vyenyewe vilikuwa na mistari ya mawimbi iliyochorwa kwa vidole udongo ukiwa mbichi, na vya namna hiyo vinajulikana: vina miaka elfu moja. Akaandika papo hapo kwamba ni mtoto wa karne ya kumi.

"Mkuu, ngoja kwanza," nikamwambia. "Shimo limeanzia tabaka gani?"

"Krisanthi, we binti una ubishi wa bibi yako. Vigae havisemi uongo."

"Havisemi uongo, mkuu, lakini vinahama nyumba."

Alicheka, akaniachia. Hapa ndipo penye kazi yangu yote, Shangazi. Ukishona kiraka leo kwa kipande cha shuka la bibi, kiraka ni cha leo hata kama shuka ni la zamani. Kaburi nalo hatulipimi umri kwa vitu vilivyomo. Kwanza tunatazama limetoboa nini likishuka. Nikapiga magoti, nikakwangua ule ukuta wa udongo upya, taratibu. Shimo lilikuwa limekata chokaa iliyomwagika kanisa lilipopakwa upya, mwaka ule ulioandikwa juu ya mlango: 1931. Basi lilichimbwa baada ya hapo.

Tulipoinua vigae tulikuta pini ya kufungia nepi, imeliwa na kutu, na juu yake kimetundikwa kifungo kimoja cha buluu. Pengine shanga ya buluu ya kumkinga na kijicho haikupatikana. Kilikuwa kifungo cha gauni la msichana mdogo.

Bwana Aristos alivua kofia. Akakata kwa mkono wake mwenyewe maneno aliyoyaandika, akanitazama. "Huyu si wetu, binti," akasema. "Ni wenu wanakijiji."

Nilibaki pale nikimkumbuka Bibi Garoufalia, mama yako. Kila mwaka alikuwa akipeleka sahani ya ngano iliyochemshwa ya kuwakumbuka wafu kanisani, lakini haiweki ndani na wenzake. Anazunguka nyuma ya madhabahu, anaiweka chini. Sisi watoto tulidhani moshi wa ubani unamkera, na tulikuwa tukimwigiza anavyotembea. Nimeona aibu, Shangazi.

Jumapili iliyofuata nilimwomba Baba apande juu ya nyumba kutazama vigae vya Babu, vile alivyovikusanya kwenye magofu ya kule kanisani alipokuwa akijenga. Mara nikamsikia akipiga kelele huko juu. "Mawimbi matupu huku! Kumbe nimezaliwa chini ya kanisa, na bado mama yako ananisukuma kwenda misa!" Mama naye akamjibu kutoka uani kwamba paa limebarikiwa, aliyebaki ni mwenye nyumba. Tulikuwa tunacheka bado Baba alipofika kona ya jikoni, akasema pale hapana mawimbi. Pale pana vigae viwili vya kiwandani, vyekundu, vilivyowekwa baadaye sana.

Ni kona yako, Shangazi. Pale ndipo kilipokuwa kigodoro chako.

Umetusimulia mara nyingi juu ya ule mwaka wa njaa wakati wa vita, askari wa Kiitaliano wakiwa barabarani na wewe una miaka saba, jinsi mvua ilivyokudondokea miguuni majira yote ya baridi. Babu alitengeneza hata ua wa jirani, lakini tundu lile hakuligusa. Ulipomwuliza alikwambia usogeze godoro, na hakukutazama. Mpaka leo ukimtaja unasema, "Baba yangu, aliyetuacha tulowe." Ulipanda meli kwenda Australia ukiwa na kinyongo hicho, na hukurudi hata kumzika.

Hakuwa mvivu, Shangazi, wala hakuacha kukupenda. Ardhi ilikuwa imelowa na mbao zote zilikuwa zimeshachomwa, hata za jeneza hazikuwepo. Alimvulia mwanawe paa. Nadhani baada ya hapo hakuweza kupanda tena kuziba pale, kwa sababu angeziba na nini?

Nisijitie ujuzi nisiokuwa nao. Udongo umenieleza lini na vipi. Haukunieleza ni nani. Daktari wa serikali alitoka Sparta, akathibitisha ni mtoto wa siku chache, akamwacha mikononi mwetu. Baba alizaliwa baada ya vita, anajua tu kwamba palikuwa na mmoja kati yenu ambaye hakuiona Pasaka. Tutamzika mwezi ujao, Jumamosi ya kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, katikati ya Babu na Bibi. (Baba anadai vigae virudi kwenye paa lake. Nimemweleza kwamba ni mali ya serikali, basi amenuna.)

Padri wetu, Fotis, anataka jina la kusoma. Nilimwambia pengine hakubatizwa. "Hata kama mkunga alimwinua hewani mara tatu akamtaja, yatosha kuwa ubatizo," alinijibu. "We niletee jina tu, mwanangu, mengine niachie mimi."

Waliokuwemo chumbani siku ile alipozaliwa wote wamekufa isipokuwa wewe. Kama kumbukumbu itakuliza, lia, na Mihalis akukamate mkono. Kisha unipigie simu, saa yoyote.

Nisalimie binamu zangu Sotiria na Lambros, na mabusu kwa wajukuu. Mama anakuombea, Baba anakulilia ingawa atakana. Mtakatifu Marina akulinde wewe na hilo goti lako, na akupe usingizi mtamu.

Mdogo wako yuko chumbani kwangu, ndani ya sanduku safi lililotandikwa pamba. Juu yake nimeandika kwa penseli: Kaburi la 9, mtoto. Kalamu ya wino ipo pembeni, Shangazi. Nakusubiri wewe.

Mwanao akupendaye daima,
Krisanthi