Mloka, Hukuomba Maji Yale

Mdogo wangu Mloka,

Kwenye msalaba wako wameandika Yosefu. Mie sitakuita hivyo. Jina hilo nilikupa mimi, mchana wa jua kali, na lilinijia la kwanza kwa sababu ulikuwa seremala. Hukuliitikia hata mara moja. Nakuita Mloka kama alivyokuita mama, na ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ulishanizoesha.

Ni miezi saba sasa. Chumbani mwako nimempangisha mtu wa Kilwa, anapakua meli huko Kurasini, anakoroma mpaka bati linaitika. Randa na patasi zako nimezifunga kwenye gunia, sijampa mtu. Mikorosho ya nyuma ya nyumba imezaa sana mwaka huu, hakuna wa kula korosho. Kile kibao chako bado kiko pale pale, ulipokuwa ukikaa kila alfajiri kabla hujaenda kazini Keko.

Nilikuwa nakuchungulia dirishani, hukujua. Huna rozari, huna kibuyu, umeweka mikono magotini tu. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikakuuliza unamwomba nani. Ukanijibu bila kugeuka, "Sijui, Dada. Nasikiliza." Nikakwambia chai inapoa. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo mie, niliyemaliza katekisimu yote kwa masista.

Mara ngapi uliingia darasa la ubatizo, Mloka? Mara nne. Na mara nne, ikibaki wiki moja watu wabatizwe, unarudisha kitabu kwa katekista, umekifunga vizuri kwenye gazeti. Mwalimu Anselmi alikuwa akikuona mbali anasema, "Huyo anakuja mwanafunzi wa milele." Watu wanacheka, nawe unacheka nao. Mie sikucheka. Mie kiongozi wa akina mama wa kigango, mabenchi ya kigango umeyapiga randa wewe kwa mikono yako, na wewe mwenyewe unakaa nje kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Niliona aibu. Naiandika kama ilivyo: ilikuwa aibu kwanza, upendo ulifuata nyuma.

Ulimuuliza Mwalimu Anselmi, babu yetu aliyekufa kabla padre wa kwanza hajapanda mlimani kwetu yuko wapi. Akakwambia fungua ukurasa unaofuata. Ulipomsimulia Bi Mwanahamisi, jirani yetu, alicheka mpaka ungo wa mchele ukamponyoka. "Njoo kwetu, Mloka," alikwambia. "Kwetu ukitamka shahada umekwisha, hawakuandikishi darasani miaka mitano kama unasomea ukarani." Ukamwambia, "Nitawaharibia swala kwa maswali, Bi Mwanahamisi." Naye, "Basi baki hapo uwanjani, Mungu akikutaka atakupigia hodi."

Na upande wa pili, Mjomba. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, nawe ulikuwa mtoto wa kiume pekee wa dada yake mkubwa. Alipoanza kuzeeka alikutaka uvae jina lake na bangili yake, ushike kibuyu cha tambiko, uwaite wazee waliokufa jina kwa jina kila mwaka, mavuno yakiisha. Ukapanda mlimani. Nikakesha nalia, nikijua nimekupoteza. Baada ya siku nane ukarudi na mahindi mgongoni, na bangili hukuvaa. Nikadhani sala zangu zimefika. Kumbe na kule ulikaa pembeni. Ulimuuliza Mjomba, katikati ya ukoo mzima, hawa wazee tunaowamwagia pombe, wao nao wanamwomba nani. Alikupokonya kibuyu mkononi. "Mtu asiye na kwao," alikwambia, "akifa anakuwa upepo."

Ukaniambia jioni ile, unamenya muhogo, "Kule kwenu wananijibu kabla sijauliza. Kule kwa Mjomba hawataki niulize." Nikakwambia una kiburi. Ukasema, "Sijakataa, Dada. Sijafika."

Sijafika. Neno hilo sasa naliona kila ninapopiga magoti.

Halafu msumari. Ulikanyaga msumari kazini, ukanionyesha kama kitu cha kuchekesha, tundu dogo, tukalipaka mafuta ya taa. Kidonda kikafunga. Siku ya tisa ukashindwa kuuma mkate. Kufika adhuhuri shingo ikakaza kama mti. Bi Mwanahamisi alikutazama mara moja tu, akatoka nje, akaniambia, "Mama Gervas, hii pepopunda." Mume wangu akaenda kutafuta gari la kukupeleka hospitali, na akamtuma mtu stesheni amfikishie Mjomba habari.

Tukabaki watatu: wewe kitandani, mie, na Bi Mwanahamisi mlangoni. Meno yameumana, huwezi kutoa neno, lakini macho yako yalikuwa yako. Ulikuwa unatusikia. Nami nikakumbuka tulivyofundishwa: mtu akiwa hatarini kufa na padre yuko mbali, Mkristo yeyote aweza kumbatiza. Maji na maneno, basi. Nikachota maji kwenye mtungi kwa kata.

Sasa nakwambia jambo unalolijua. Naliandika ili niwe nimelisema.

Ulipoiona kata, uliinua mkono. Ule wa kulia. Uliuinua polepole, ukaweka kiganja juu ya paji la uso, ukakiacha pale. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Nikaweka kata chini, nikaushika mkono wako, nikauondoa. Haukuwa na nguvu. Nikaukandamiza kitandani kwa goti langu, Mloka, kama anayemshika mbuzi, nikamwaga maji, nikasema Yosefu, nakubatiza. Maji ya baridi yakakushtua, mwili wako wote ukapinda kama upinde. Nami nikamaliza maneno. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Sikuruka hata moja.

Gari lilikuja. Hospitali walijitahidi. Siku ya tatu ukatuacha.

Padre aliniuliza swali moja tu kabla hajakubali kukuzika: je, alitaka? Hilo ndilo sharti la mtu mzima. Nikamjibu, "Aliinua mkono, Padre." Hata hakuuliza mkono ulikwenda wapi.

Mjomba alifika asubuhi ya maziko, amekuja na garimoshi pamoja na wazee wawili, mabegani vumbi, na kitambaa cheupe cha kukufunika kiukoo kwenye kikapu. Hakutoa hata pole. Alisimama mbele ya jeneza akaniuliza kwa Kiluguru, ili wengine wasisikie, "Aliomba mwenyewe?" Ningeweza kusema hapana. Ilikuwa neno moja. Lakini padre alikuwa ameshavaa joho, akina mama wameshashika nyimbo. Nikasema, "Aliinua mkono, Mjomba." Akakirudisha kitambaa kikapuni. "Basi si wetu," akasema. Hakukutupia udongo. Walirudi stesheni kwa miguu, bila kula wala kunywa.

Jumapili iliyofuata padre alihubiri habari zako. Seremala aliyekaa kizingitini miaka yote, saa ya mwisho akainua mkono kumwomba Mwokozi. Watu walilia. Watatu wamejiandikisha darasani kwa ajili yako, mmoja ni yule fundi mwenzako wa Keko aliyekuwa akikutania. Akina mama wanang'ang'ania kunishika mkono tukitoka. "Mama Gervas, umeokoa roho." Nami naitikia, tumshukuru Mungu. Unaona dada yako alivyo hodari?

Bi Mwanahamisi alinyamaza arobaini yote. Halafu siku moja tunapepeta mchele, hakuninyanyulia hata macho, akasema, "Mie si wa dini yenu, siingilii. Lakini yule mtu alijiziba." Nikamwambia ni ugonjwa ule, ulimvuta mkono. Akasema, "Pepopunda haimfundishi mtu pa kuweka kiganja." Akaendelea kupepeta.

Nikaenda kuungama. Nilieleza yote, na goti nililieleza. Padre akaniambia nyuma ya ule wavu kwamba kama ndugu yangu hakutaka, basi ule haukuwa ubatizo. Yalikuwa maji. Nimwachie Mungu mwenye rehema, nisali rozari siku tatu. Nikamwuliza, na msalaba je, na jina? Akasema niache kama palivyo, nisiwakwaze waumini wachanga. Nikatoka nimesamehewa. Wewe hukuwepo kuulizwa.

Nilikaa kwenye lile benchi la mwisho, kazi yako, nikahesabu nilichokufanyia. Ubatizo hukupata. Kwa Mjomba nimekutoa. Ulikuwa na milango miwili, hukuingia wowote, lakini yote ilikuwa wazi. Mie nimeifunga yote miwili kwa mchana mmoja, na nilifanya hivyo kwa sababu nakupenda. Hili la mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote, maana ni kweli.

Na wewe nawe una lawama zako, usidhani nitakuachia. Miaka kumi na miwili tumekungoja. Ungesema neno moja. Ungevaa bangili, ningelia nikanyamaza. Ungepokea maji, Mjomba angekulaani akanyamaza. Ulituachia sie wajinga tukuamulie, na wajinga wakipewa kuamua hawachelewi. Ulisikiliza, ulisikiliza, ulisikia nini? Hukuniambia hata siku moja. Au hukuniambia kwa sababu nilikuwa na chai mkononi?

Nisamehe. Nilitaka kukukasirikia kidogo, imenishinda.

Wiki iliyopita alishuka binamu yetu Rehema kutoka mlimani, ametuletea maharage. Alizunguka weee, habari za mvua, habari za nguruwe mwitu shambani, ndipo akasema alichotumwa. Mjomba amempa jina lake na bangili mtoto wa mama mdogo. Na tambiko la mwaka huu, wazee wakiitwa, na wote waliokufa tangu mavuno yaliyopita wakiitwa, jina lako litarukwa. Wataita aliye kabla yako, wataita aliye baada yako. Kwa sababu uliomba mwenyewe.

Mie siamini pombe iliyomwagwa juu ya jiwe. Nasali asubuhi na jioni, na nitakufa nasali. Lakini namjua marehemu mama yetu. Najua alivyokuwa anasimama pale, anasubiri jina la baba yake litajwe, na likishatajwa mabega yanamshuka. Litatajwa la mama mwaka huu. Halafu wataruka. Watakuruka kwa uongo wangu, mbele ya watu wote waliokubeba mgongoni ukiwa mdogo. Hilo siwezi kulimezea rozari.

Padre ametangaza altareni, na ametangaza mara mbili: Mkristo atakayeonekana kwenye tambiko hapokei Komunyo mpaka askofu aamue, na mwenye cheo anavuliwa. Akina mama watajua. Watauliza nilifuata nini, na nikiwaambia nilichofuata, wale watatu wa darasani watasikia mkono wako ulikwenda wapi. Mume wangu amesema, "Mama Gervas, waliokufa wana subira, wewe mwenyewe je, utaishi vipi bila kupokea?" Jumapili hii nilipokea, nikakaa na ile ladha mdomoni muda mrefu, maana sijui lini tena.

Alhamisi napanda garimoshi mpaka Morogoro, kisha nitapanda mlima kwa miguu na Rehema. Sendi kumwaga pombe. Nitasimama pembeni, ulipokaa wewe, na kabla Mjomba hajaanza kuita nitaomba nafasi ya kusema. Nitawaambia hukuomba. Nitawaonyesha kwa mkono wangu mwenyewe ulichofanya, na nilichofanya mie. Sitawaambia ulikuwa wao, maana nikisema hivyo nitakuwa nimekubatiza mara ya pili kwa upande wa pili. Nitasema Mloka alikufa hajafika, na aliyemkata njiani ni mimi. Wakikuita, ni wao. Wakikuruka baada ya kusikia kweli, ni wao pia. Nikirudi nitamwambia fundi afute lile jina msalabani na aache ubao mtupu, na padre akitaka kuliandika upya, aliandike kwa mkono wake.

Naogopa, mwana wa mama. Naogopa Mjomba, naogopa padre, na usiku wa kuamkia leo niliogopa hata Mungu, kwamba labda ananikasirikia kwa kwenda. Halafu nikafikiri, labda ananikasirikia kwa kuchelewa.

Kaa salama huko uliko, kokote huko, sikuandikii anwani. Kama kuna anayekuuliza wewe ni mtu wa nani, usijibu kwa kunifurahisha. Mwambie asubiri, dada yako yuko njiani anakuja kusema kweli, na ana mlima wa kupanda.

Dada yako,
Veronika