Usimpe Barua Akiwa Peke Yake

Schaerbeek, tarehe 3 Machi 2024

Mdogo wangu Nday,

Salamu nyingi kutoka nyumba hii ya baridi huku Ulaya. U mzima? Mgongo je? Sisi tuko, Mungu anasaidia. Binti yangu Keren anakusalimia, yuko kwenye mitihani. Mama alilazwa siku tisa hospitalini Jette, sasa amerudi nyumbani. Daktari anasema moyo umechoka. Sitakuficha kitu: fanya haraka, uje.

Barua yako ya Januari nimemsomea mara tatu. Simu haiwezi tena, masikio yake yamekwisha, na wewe huko mtandao hushika ukipanda kilimani tu. Isitoshe anasema simu inakula maneno haibakizi kitu, karatasi anaiweka chini ya mto. Habari ya duka moja linalouza mkate, petroli na stempu ilimchekesha mpaka akakohoa. Kisha akauliza: "Kijiji ya batu quatre-vingts? Na masomo balifunga? Alors, batoto balienda wapi?"

Anataka jibu kuhusu hao watu themanini na shule iliyofungwa. Muulize huyo bibi Norma unayemsifu kila barua.

Yaya wako,
Mignonne

Mirrandool, Australia, tarehe 30 Machi 2024

Mama, na wewe yaya, dada yangu mkubwa,

Jambo yenu. Mama, umeamkaje? Unakula? Mimi ni mzima isipokuwa mikono. Msimu wa kukata manyoya ya kondoo umeanza, na mimi ndiye ninayefagia banda na kuchambua sufu mezani. Nanuka kondoo hata Jumapili, mbele ya Bwana.

Mama, jibu lako hili hapa. Norma ana miaka themanini na mmoja, ndiye aliyekuwa mwalimu wa mwisho. Anasema zamani palikuwa na stesheni, hoteli, makanisa mawili na watoto arobaini. Reli ikang'olewa, mashine zikachukua kazi ya mikono, mvua ikakosa miaka saba. Shule ilifungwa ikiwa na madawati sita. Watoto walienda mjini, mmoja mmoja, na kila mmoja alisema atarudi Krismasi.

Kwenye ukumbi wa kijiji Norma anatunza kitabu kikubwa. Kila aliyekufa hapa ana mstari wake: jina, mwaka, na jambo alilojulikana nalo. "Alitengeneza malango yasiyolia." "Hakumnyima mtu ngazi yake." Lakini ukurasa wa kwanza ni mtupu. Nilidhani ni makosa. Akaniambia ni wa wenye ardhi, watu weusi waliokuwa hapa kabla ya kondoo. Babu zake waliwafukuza, na hakuna aliyewauliza majina. Mimi niliyekimbia Katanga nikakaa miaka kumi na mmoja kambini Zambia, nilimjazia kikombe. Tulikunywa chai tu.

Sherehe ya uraia ni mwezi wa nane. Nikitoka kabla ya hapo sina hakika ya kuruhusiwa kurudi. Pasipoti ikifika tu, napanda ndege. Mama, nisubiri. Niwekee bukari, ugali wetu, na bitoyo, wale samaki wa chumvi, na usimwachie yaya apike, ataunguza.

Mwanao,
Nday

Schaerbeek, tarehe 7 Mei 2024

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini u mzima. Barua yako ilifika. Niliisoma kwa sauti, yote, na ule mstari wa ngazi niliurudia.

Nina swali, na ujibu hilo kwanza kabla ya mengine. Hapo uko na nani? Hakuna Mkongomani karibu, hata wa Kivu, hata wa Kinshasa? Hakuna padri? Ukiumwa, nani anafungua mlango?

Yaya wako,
Mignonne

Mirrandool, tarehe 2 Juni 2024

Mama, na yaya polisi,

Habari za afya? Huku baridi imeingia, asubuhi majani yanavunjika chini ya buti. Yaya, barua ya mistari mitano! Hata hukuniambia Mama anakula nini. Bon, nijibu hilo kwanza kama ulivyoamuru. Mkongomani wa karibu ni Hénock, kilometa mia nne, na ni dereva wa lori, hakai nyumbani. Padri huja mara moja kwa mwezi. Nyumbani niko na mbwa, na mbwa mwenyewe ni wa jirani. Umeridhika?

Mama, nimekutumia blanketi. Sufu yake imepita mikononi mwangu, nilichagua ile laini ya mabegani. Yaya, mfunike, kisha uniambie kama linafika miguuni. Kule Likasi miguu yake ililala nje siku zote, maana blanketi lote alituachia sisi.

Mwanao,
Nday

Schaerbeek, tarehe 1 Julai 2024

Mdogo wangu,

U mzima? Blanketi limefika. Ni zuri, ni zito. Linafika miguuni na linabaki.

Nitumie anwani ya Norma. Keren anataka kumwandikia kuhusu kile kitabu. Kula vizuri, vaa soksi mbili.

Yaya wako,
Mignonne

Schaerbeek, tarehe 5 Agosti 2024
Kwa mkono wa Bibi Norma

Nday, mdogo wangu,

Kabla hujaendelea, tazama kulia kwako na kushoto. Watu wamekaa? Kama hawapo, kunja karatasi hii, waite, ndipo usome.

Mama hayupo tena. Alituacha tarehe 16 Aprili asubuhi, nikiwa namsuka nywele. Nilidhani amesinzia, nikamaliza mstari mzima. Barua yako ya kitabu ilifika siku mbili baadaye, nyumba imejaa watu wa matanga. Niliisoma mbele ya wote, na wamama wenzetu waliotoka mtaa wa Matonge wakalia hata kwa ajili ya watoto wa Mirrandool.

Unajua kwetu: msiba hauambiwi mtu akiwa peke yake. Papa yetu alipokufa, mjomba wetu tonton Florent alitufuata shuleni akatusemesha habari za mvua njia nzima, mpaka tulipofika penye watu. Ndipo akasema: "Batoto, papa yenu alishaenda." Ulikuwa na miaka minane. Ulianguka, na mikono ya watu ikakudaka. Huko kwako ungeangukia wapi? Juu ya mbwa wa jirani?

Nikawa natafuta mtu wa kukaa nawe. Wiki zikapita, na kila nilipochelewa mdomo ulizidi kuwa mzito. Hénock nilimpata kwa simu, nikamwapisha anyamaze. Blanketi nililipima kwa miguu yangu mwenyewe, na tangu siku hiyo nalala ndani yake.

Keren amemwandikia Norma kwa Kiingereza: asikupe barua ukiwa peke yako, wakae wengi, wasikuulize maswali, wapike, na usilale peke yako siku tatu. Nisamehe ukiweza.

Yaya wako,
Mignonne

Mirrandool, tarehe 8 Septemba 2024

Yaya,

Safari hii sikuulizi habari ya afya.

Norma aliniita ukumbini, eti tupange viti. Nikakuta viti vimeshapangwa na watu ishirini na sita wamekaa, kofia mapajani. Nilifikiri wananifukuza kijijini. Barua ya Keren waliifuata kama sheria. Hakuna aliyeuliza kitu. Walipika kondoo kwa siku tatu, na mkata manyoya mmoja, ambaye tangu nimjue hajaniambia maneno kumi, alilala sakafuni kando ya kitanda changu, soksi zake miguuni. Hawakujua wimbo wetu hata mmoja. Niliimba peke yangu, wao wakasimama.

Nina hasira na wewe. Miezi minne niliongea na Mama, nikamtania, nikamchagulia sufu, naye yuko ardhini. Umeninyima kumlilia pamoja nanyi, siku ile ile. Halafu nakumbuka nilivyoanguka, na mikono iliyonidaka, na hasira inakosa pa kukaa. Lakini ipo, yaya. Usidhani imekwisha.

Norma alifungua kitabu akaniuliza aandike nini. Nikamwambia Mama hakukanyaga hapa hata siku moja. Akasema kitabu anakitunza yeye na kalamu ni yake. Basi imeandikwa: "Thérèse wa Likasi. Aliuliza watoto walienda wapi."

Pasipoti imefika jana. Ninakuja tarehe 3 Oktoba. Nimechelewa kuzika, nitakuja kukaa matanga.

Kuna jambo linaloniamsha kuliko hasira. Siku ile ulipoandika kwamba blanketi linafika miguuni, nani alikuwa amekaa karibu nawe? Ujibu hilo kwanza.

Mdogo wako,
Nday