Gemu Anayoikataza Mwanangu Haina Kosa

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, na uniwie radhi kwa mwandiko, maana mimi shule niliishia darasa la nne na barua ndefu ya mwisho niliandika kabla sijaolewa, lakini jambo hili siwezi kulisema kwa mdomo kwa mtu yeyote, kwa sababu kila ninayemfahamu anamfahamu binti yangu.

Mimi nafua na kupiga pasi kwenye nyumba ya wageni, mashuka na taulo, huu ni mwaka wa kumi na moja, na nina mtoto mmoja tu tunayeishi naye wawili, msichana wa miaka ishirini na mbili, anafanya kazi kwenye duka la kuchapisha kadi na mabango, anatoka asubuhi anarudi saa kumi na moja jioni. Huyu mwanangu anapenda gemu, na si mapenzi ya uvivu, kazini anakwenda, na vyombo anaosha, ila gemu anazijua kama mimi ninavyojua madoa, akiiona tu anakuambia hii ni ya mtu gani. Watu wamelijua hilo, wako mia tatu na kitu kwenye kundi lake la simu, wanamwita Kamanda, wengine watu wazima wana ndevu zao, na kila Jumamosi asubuhi akiwa anakunywa chai anawatumia ujumbe wa sauti anawapendekezea gemu tatu, moja ya kupigana na kukimbizana, moja ya kujiokoa porini, moja ya kupanga majeshi na miji kwa akili. Wala hapendekezi ovyo. Mtu akimwambia, "Kamanda, nipe gemu nzuri," anamjibu, "Nzuri kwa nani? Wewe ukishindwa unacheka au unatupa vitu?" Mmoja akakiri anatupa vitu. Akamwambia, "Basi za vita usiguse, kaka yangu, utabaki bila vyombo. Chukua ile ya kujenga mji, huko ukikosea unachelewa tu, hufi." Mimi niko pembeni nachagua mchele, nacheka peke yangu. Na ana sharti lake moja, hapendekezi gemu ambayo hajaimaliza mwenyewe, na hakatazi gemu ambayo hajaicheza, anasema watu wananunua kwa jasho lao na wamemwamini.

Sasa kazini kuna mwenzangu tunayepiga naye pasi, mtu wa maneno, mwanawe ni mmoja wa hao mia tatu, siku moja akaniambia, "Mwenzangu, mwanangu hanisikii mimi niliyemzaa, anamsikia binti yako. Hebu na mimi nipendekezee, ipi inamfaa mtu mwenye mgongo kama huu wangu?" Nikacheka, nikasema yoyote tu. Akaweka pasi chini. "Yoyote! Mama Kamanda mzima anasema yoyote! Hata jina la moja hujui?" Na kweli nilikuwa sijui, mshauri, mtoto anazungumza jambo lile lile ndani ya nyumba yangu tangu ana miaka kumi na mitatu, na mimi sijawahi kumuuliza hata siku moja, "Hicho ni nini, mama?" najua tu kumwambia apunguze sauti. Iliniuma. Nikasema siku yangu ya mapumziko nitaijua mwenyewe moja.

Ikafika, Jumanne, yeye yuko kazini, saa nne asubuhi nikanawa mikono, nikakaa kwenye kiti chake, nikawasha kama ninavyomwona akiwasha, nikashika ile rimoti yake yenye vitufe. Nikachagua anayoipenda kuliko zote, ile ya msitu wa baridi, unaachwa peke yako kwenye theluji huna kitu na unatakiwa uishi, na ukifa umekufa, haikurudishi, unaanza moja. Yeye alikuwa ameishi humo siku mia sita na kumi na mbili, watu wa kundi wakawa wanamuuliza idadi kama watu wanavyouliza mtoto kafikisha miezi mingapi. Kioo kikaniuliza, kuendelea au kuanza upya. Nilisoma polepole lakini nilisoma vizuri. Nikawaza, kuendelea ni kuingia kwake, ni sawa na kuingia chumbani kwa mtu mzima bila hodi nikaanza kugusa vitu vyake, nikaona si adabu, bora nianze changu pembeni. Nikabonyeza kuanza upya. Ikaniuliza tena jambo jingine kwa maandishi mekundu marefu, nikajibu ndiyo, maana hata kazini karatasi ikiwa ndefu mimi huwa nasema ndiyo.

Mshauri, sikufichi, nilifurahi. Niliokota kuni, nikawasha moto ukazimika, nikauwasha tena nyuma ya jiwe upepo usiufikie, ukakaa, nikasema "Umeona!" kwa sauti, na nyumbani hakuna mtu. Nikaona jua linatoka juu ya theluji, na mimi theluji sijawahi kuiona. Siku ya pili mbwa mwitu wakanimaliza. Nikazima, nikafuta kiti, nikaenda kupika, namngoja arudi nimwambie na mimi nimecheza.

Alirudi akakaa pale, akawasha. Halafu akaita "Mama," kwa ile sauti aliyokuwa akiniitia zamani akiwa na homa. Akasema hakuna kitu, siku zake zote zimefutika. Kumbe gemu ile ina nafasi moja tu ya kuhifadhi, ukianza mpya ile ya zamani inaondoka, na nilipokufa mimi hata hiyo mpya ikaondoka, ikabaki patupu, ndivyo nilivyoelewa yeye akinieleza huku analia, yaani mimi niliyeogopa kugusa vitu vyake ndiye niliyevibomoa vyote. Nikafungua mdomo niseme. Akanitangulia. "Mama, nilikuwa nimekujengea nyumba humo ndani. Ina baraza, ina kamba ya kuanikia nguo, limebaki paa tu. Nilitaka paa likiisha nikuite uje uone." Mdomo wangu ukajifunga wenyewe.

Yeye anaamini gemu ni mbovu. Mimi hata hakuniwazia, maana anajua kile kiti sikikalii. Kesho yake akawaambia watu wake, msinunue gemu hii, inakula kazi ya mtu, nilikosea kuipendekeza. Wakawashukia kwa matusi walioitengeneza, na hao wenyewe si kampuni kubwa, ni kaka na dada, wawili tu, wanafanyia chumbani kwao, wakamwandikia binti yangu kwa heshima wakimwomba awaeleze ilivyotokea, kwamba wameacha kazi zote wanalitafuta kosa na hawalioni. Alinisomea mezani. Nikamwongezea mboga.

Na kuna lililo baya zaidi, nalisema kwako tu. Tangu siku ile mwanangu amenirudia. Zamani alikuwa anapakua anaondoka na sahani yake, sasa anakaa na mimi, ananisimulia ile nyumba ilivyokuwa, dirisha lilielekea wapi, na juzi ameweka kichwa mapajani kwangu nikamfumua nywele mpaka akasinzia, na mimi naomba Mungu jioni isiishe. Nikisema, haya yote yanaondoka. Nisiposema, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu ameitwa kwenye mkutano wa wachezaji, watu watajaa, atasimama kupendekeza, na ameshaniambia ataanza kwa kuikataza ile. Nimewaza nimnunulie gemu nyingine nzuri nimpe kwanza ndipo niseme, au ninyamaze tu, wale kaka na dada watachoka kutafuta. Leo ni siku ya kumi na mbili nimeficha, na kazini nimeunguza foronya mbili. Niambie nifanye nini.

Ni mimi, mama wa mmoja.

*

Mama wa mmoja,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa huruma, mara ya pili kwa hasira kidogo, na nakujibu na yote mawili mkononi. Nakutumia jibu hili kwanza kwa anwani uliyoandika nyuma ya bahasha. Gazetini litatoka Ijumaa, siku moja kabla ya huo mkutano, na gazeti hili linasomwa hata kwenye maduka ya kadi na mabango. Sikutishi. Nakusukuma.

Kwanza acha kujilaumu kwa jambo lisilo na lawama. Ulikaa kwenye kile kiti kwa mapenzi, ukachagua kwa adabu, ikaharibika. Ungesema jioni ile ile, mngelia wote wawili, na wiki ya pili mngekuwa mnataniana juu ya mbwa mwitu. Mwanao amepoteza siku mia sita na kumi na mbili, naam, na inauma, usiniambie wala usimwambie yeye kwamba ni mchezo tu. Lakini hilo lilikuwa ajali. Hizi siku kumi na mbili si ajali, mama. Hizi umezichagua moja moja.

Tazama ulichomfanyia. Huyu ni mtu ambaye hakatazi gemu asiyoicheza, hapendekezi asiyoimaliza, ndiyo maana wenye ndevu wanamsikiliza. Leo anawaambia watu mia tatu uongo bila kujua kuwa ni uongo, na anayejua amekaa naye mezani anampakulia mboga. Na wale ndugu wawili, eti watachoka? Mtu hachoki kutafuta kosa kwenye kazi ya mikono yake. Wewe mwenyewe doa likikataa kutoka unalala? Watatafuta mpaka waone hakuna kosa, kisha watamwandikia binti yako kwa heshima ile ile: dada, inaonekana kuna mtu alianza mchezo mpya kwako Jumanne asubuhi. Nyumba yenu ina watu wawili. Atahesabu mwenyewe. Unataka asikie kwao?

Gemu ya zawadi, isahau. Zawadi ikitangulia maneno ni hongo, na kila akiiona ataikumbuka hivyo. Isitoshe kuchagua hujui, umekiri mwenyewe.

Sasa kuhusu kichwa chake mapajani kwako. Hapo niliweka kalamu chini, maana nami nina mabinti, na wa kwangu nao huondoka na sahani. Kulitaka lile si kosa. Ila umejidanganya mahali pamoja. Unasema amekurudia kwa sababu ya msiba ule. Mtu aliyekaa miezi na miezi akikujengea nyumba, akakumbuka na kamba ya kuanikia nguo, alikuwa amekwenda wapi hata arudi? Alikuwa pale pale, nyuma yako, amekupa mgongo tu kwa sababu alikuwa anafanya kazi kwa ajili yako. Usiogope kupoteza kitu ambacho ulikuwa nacho kabla hujakijua.

Utasema hivi, na usiongeze: "Mimi ndiye niliyefuta. Nilikaa kwenye kiti chako, nikaanza mchezo mpya, sikujua kwamba wako utaondoka. Nikaogopa, nikakuficha mpaka leo." Usianze na "nilitaka tu." Usilie kabla yake, kwa sababu ukilia atakubembeleza, na safari hii zamu ya kubembelezwa si yako. Habari ya hodi na adabu mwambie akikuuliza kwa nini, na atakuuliza. Akipandisha sauti, usimwambie apunguze. Usimwombe akusamehe leo wala usimuulize kesho kama ameshasamehe. Mwambie wazi kwamba ana ruhusa yako kuwaambia watu wake kuwa aliyefuta ni mama yake, kwenye simu na kwenye mkutano, kwa jina lako kamili akitaka. Watacheka, na huyo mwenzako wa pasi atacheka kuliko wote, utapona. Cha haraka ni wale ndugu wawili waandikiwe jioni hiyo hiyo wakapumzike.

Ile nyumba usimwombe aijenge tena. Hilo ni lake. Lakini zikipita siku, hasira ikishuka, mwombe kitu ambacho watu mia tatu wameshamwomba na wewe bado: akupendekezee gemu. Atakuhoji. Mjibu kwa ukweli, kama ulivyoniandikia mimi, kilichokufurahisha na kilichokuogopesha, kwa sababu ukurasa mzima wa barua yako umejaa machozi isipokuwa pale ulipokuwa unawasha moto. Binti yako anajua kumsoma mchezaji. Mwache akusome.

Ni hayo tu, mama, na yafanye leo. Usingoje ale, usingoje aoge, usingoje ukae vizuri. Mwambie mlangoni akiingia, kabla hajavua viatu, ili akitaka kutoka akatembee kidogo peke yake atoke, na wewe umwachie mlango wazi.