Safu ya Mbaazi ya Latifo

Palma, 3 Julai 2024

Mwanangu Zuleica,

Asalaam alaykum. Mimi sijambo, ila mgongo tu. Huko Pemba hamjambo?

Mbaazi za kakako zimezaa. Tangu Latifo apotee siku waasi walipoishambulia Palma, kila mwaka naipanda safu yake kwa mbegu zake. Za kwanza nimempikia, maana unajua hatuonji kabla ya mwenye mbegu. Nikaweka bakuli pembeni mwa shamba. Asubuhi nimelikuta tupu, limeoshwa.

Lakini majani yana vumbi jekundu. Wewe ndiye unayesoma kilimo huko chuoni, instituto, ni nini hicho?

Mamako.

Pemba, 11 Julai

Mama, shikamoo. Mimi mzima. Barua ameileta Cosme, dereva wa chapa, lile basi dogo la huko kwetu.

Hilo vumbi ni kutu, ugonjwa wa ukungu. Mbaazi ina vinundu mizizini, inalisha udongo, hata mahindi ya jirani hufaidi. Kutu haitoi kitu. Inanyonya jani, wala haina haraka ya kuliua, maana jani likifa nayo imekosa pa kula. Ng'oa safu yote uchome.

Na bakuli usiweke tena. Nyani haoshi vyombo, mama.

Mwanao, Zuleica.

Palma, 19 Julai

Mwanangu,

Salaam nyingi. Sikuchoma. Juzi adhuhuri nimesikia "Mama!" katikati ya mbaazi, sauti ya Latifo kabisa. Nikaingia, hamna mtu. Majani yanatikisika, upepo hakuna.

Sasa nampikia kila siku. Mimi nakula nashiba, lakini kanga inanizunguka mara mbili. Na viganja vimekuwa vyekundu, sabuni haisaidii.

Mamako.

Pemba, 22 Julai

Shikamoo mama. Naogopa. Kutu ya mbaazi haishiki mtu, sijasoma popote jambo hili. Ijumaa nakuja kukuchukua. Huyo anayekuita, muulize jina ambalo marehemu baba alikuwa akimwita Latifo utotoni.

Mwanao, Zuleica.

Palma, 25 Julai

Mwanangu Zuleica,

Salaam. Leo naandika nimelala, usiangalie mwandiko.

Nilimuuliza. Jina hakulitaja, akasema tu, "Mama, umekula?" Kila siku huuliza hivyo hivyo. Nisipokula hukasirika, mbaazi zote zinalia kama mvua. Kakako hajaniuliza hivyo hata siku moja, ndiye aliyekuwa akiniletea chakula.

Najua si Latifo; ni kama ile kutu yako, inanila bila haraka. Lakini miaka mitatu, mwanangu, sijaisikia sauti ile. Usije kuchoma.

Mamako.