Kiti cha Mwene

Jumatatu, 8 Juni
Nimekunywa uji, nimekohoa, nimejaribu sauti. Bado ipo. Watu wa televisheni wamefika jana kutoka Dar kutengeneza kipindi kuhusu nyimbo nilizotunga kwa ajili ya maigizo. Kipindi kizima, mimi tu. Mtaa wetu wote wa Mazwi unajua, nimehakikisha. Skola, mke wangu, anasema kichwa changu kitashindwa kupita mlangoni. Wivu huo.

Jumanne, 9 Juni
Zuhura, binti anayeongoza upigaji picha, anataka wimbo mkuu wa igizo langu la mwene, yaani mtemi wetu wa zamani, na mfua chuma. Ijumaa, ukumbini. Ni wimbo wa watu wawili: mwene yuko kitini anadai jembe, mfua chuma anamjibu huku anavukuta moto. Mwene ni mimi. Tangu tuanzishe kikundi, mwene ni mimi.

Leo nimejaribu na mwimbaji wa kwaya awe mfua chuma. Anaimba kama anaomba msamaha. Zuhura kasema kwa adabu kwamba ukibaki hivi atauacha. Wimbo wangu bora kuliko zote! Nimekosa hamu ya kula. Anayeuweza ni Melkiori peke yake, na Melkiori alijitoa kikundini kwa hasira, yuko Mtowisa analima mpunga. Alikuwa anataka kuimba mwene. Kila mwaka aliomba, kila mwaka nilikataa.

Jumatano, 10 Juni
Mtowisa kwa pikipiki. Vumbi hadi kwenye meno. Huku juu baridi, kule bondeni joto la kuivisha mtu. Melkiori kazeeka, lakini sauti ile ile nzito. Hakuzunguka.
“Nakuja. Ila mwene ni mimi.”
Nimekula wali wake, nikaondoka bila kumjibu. Mgongo unauma.

Alhamisi, 11 Juni
Nimekasirika tangu nilipoamka. Mfua chuma huimba ameinama, kawapa watu mgongo. Yaani katika kipindi changu mwenyewe nionekane mgongo! Skola amenisikiliza, halafu akauliza, “Baba Eda, wamekuja kupiga picha wimbo au kiti?” Nimempigia Melkiori. Nimesema njoo, nikakata simu upesi nisije nikaghairi.

Ijumaa, 12 Juni
Jamani. Ukumbi umejaa hadi madirishani. Akina mama wamepiga vigelegele kabla hatujaanza. Melkiori kavaa kanzu yangu ya mwene, imembana tumboni, kakaa kitini kama alizaliwa nacho. Mimi chini, na mivukuto. Tumeimba mara moja tu. Zuhura hakutaka turudie, alikuwa anafuta macho.

Jumapili, 2 Agosti
Kipindi kimerushwa. Tumekitazama sebuleni, Skola na mimi. Mwanzoni naongea, naongea sana. Kisha wimbo. Melkiori anang'aa. Mimi mgongo tu, kama nilivyotabiri.

Skola akauliza mbona mabega yanatikisika vile, ni mivukuto? Nikasema ndiyo, mivukuto.

Nilikuwa nalia. Miaka yote hiyo nilikuwa mwene, nimeshughulika na kuimba. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kuusikia wimbo wangu. Ni mzuri. Sikuwa najua.