Tulivyougomea Ushuru Uliokwisha Kufutwa

Maskati, 1970

Mdogo wangu mpenzi Zuwena,

Naanza kwa kukuombea afya hapo Mombasa, wewe na watoto, na mama zaidi. Kifua chake vipi? Bado anakuuliza kila siku kama mie nshawapatia ile ruhusa ya kuingia huku, mliyonyimwa tangu mkimbie Unguja? Mie mzima, ila kichwa kinanizunguka mpaka hivi nnavyoandika, na ntakueleza sababu.

Tulitoka Kurayati, mji wa wavuvi huku pwani, na punda, sote wachukuzi wa papa mkavu. Njiani nikawaambia wenzangu, safari hii ushuru wa langoni hatutoi. Unamjua kaka yako. Kule Unguja Mngereza hakuiona senti yangu ya kodi ya baiskeli mpaka bendera yake ikateremshwa, nami nikawatangulia huku. Na huu ushuru wa huku ni akili ya Mngereza huyo huyo, aliyekalishwa forodhani. Basi wakaapa, na mie wakanifanya jemadari.

Tulipofika langoni tukatua mizigo, tukakaa chini. Jua la Maskati, Zuwena, ungeweza kupika chapati juu ya kilemba changu. Papa akanuka mpaka punda wakageuza nyuso. Askari wa lango, Mbaluchi mmoja mnene, alituacha asubuhi nzima, akidhani tunapumzika. Mwisho akaja, kafunika pua.

"Yakhe, mnangoja nini?"

Nikasimama. "Tunangoja utufunge. Ushuru hatutoi."

"Ushuru gani?"

"Wa papa."

"Umeshaondoshwa. Sultani mpya kaufuta. Nyinyi mlikuwa wapi?"

"Njiani."

"Basi piteni, mtatuua kwa harufu."

Wenzangu wakanigeukia. Mmoja akaniuliza, "Jemadari, hapa tumeshinda au tumeshindwa?" Nikamwambia apakie punda wake.

Yule askari akaendelea kutuambia amri nyingine za Sultani wa zamani zilizofutwa. Miwani ya jua unavaa utakavyo, safari huombi ruhusa. Halafu akasema, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, "Na jamaa zenu walioko Afrika, nao waje." Nikashika ukuta wa lango.

Nikachagua papa aliye bora, nikenda kwa karani wa ruhusa. Maneno nilishayapanga: babu yetu alivyombeba mgongoni babu yake Sultani vitani, na risasi ikamkosa yeye ikampiga ngamia. Karani kamsukuma papa pembeni.

"Nani unamtaka?"

"Dada yangu."

"Jina lake? Baba yake? Babu yake?"

Nikajibu.

"Mama yuhai?"

"Yuhai."

"Naye aje."

Basi, Zuwena. Miaka yote ile ya kulia, na hayo ndiyo maneno yaliyotakiwa. Hata ngamia sikumfikia. Nilisimama pale mpaka karani akaniuliza kama naumwa.

Fungeni mizigo. Nisalimie shemeji, mumeo, na aje na misumeno yake, mafundi seremala huku wanatafutwa. Nisalimie shangazi Bi Salma aliyewapa chumba. Watoto waambie mjomba wao kauangusha ushuru wa Mngereza kwa kukaa kitako.

Mama usimwambie kwa ghafla. Mkalishe kwanza, anywe chai, umshike mkono, ndiyo umwambie.

Ni mimi kaka yako, nnayepaka chokaa chumba chenu tangu jana,
Nassor